Moto wa Kaskazi, Watafiti wa Kusi

Msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, huungua wakati wa kaskazi, na huchunguzwa wakati wa kusi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote katika elimu yetu ya misitu ya pwani, kubwa kuliko hata uhaba wa fedha ambao kila mwenye kipaza sauti hupenda kuulilia.

Pita Gede, kando ya msitu huo, mwezi wa Julai uone. Nyumba za wageni zina vijana wa vyuo, wa humu nchini na wa ng'ambo, wenye mabuti, futi za kamba na karatasi za kujazia takwimu. Asubuhi wanapakiwa kwenye gari la mradi, jioni wanarudi wamelowa. Wamelowa kwa sababu kusi bado linavuma, manyunyu hayajakatika, na majani yaliyoanguka chini ya miti yana unyevu wa kutosha kuizima njiti ya kibiriti. Wanapima unene wa mashina, wanahesabu ndege, wanatega kamera. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu unaanza ripoti inapofika kwenye moto na kuumaliza kwa sentensi mbili tatu, kwamba msitu "unakabiliwa na tishio la moto", kisha mwandishi anarukia mapendekezo. Moto wenyewe hakuuona. Aliona magome meusi.

Sasa njoo Februari. Vuli imekatika kitambo, jua halina huruma, na upepo wa kaskazi unapiga kutwa. Upande wa bahari, ambako mvua hufika milimita 1,100 hivi kwa mwaka, bado kuna ubichi wa kujificha. Ukizunguka kuelekea kaskazini-magharibi, mvua inashuka hadi takriban 600, na huko majani ya chini yanavunjika mkononi kama bisi. Hapo ndipo mashamba yanapopakana na msitu, na hapo ndipo moto unapovuka mpaka.

Watu wengi wa mjini hudhani mkulima huchoma kwa uzembe. Si kweli. Mkulima wa Dida au Jilore anafyeka mapema, anaacha vichaka vikauke juani kwa majuma kadhaa, anakusanya mabiwi, halafu anangoja. Akichoma mapema mno, magogo hayaungui yakaisha na majivu yanapeperushwa kabla mvua haijayashika. Akichelewa, masika inamkuta na biwi lililolowa na mbegu bado zi kwenye debe. Kwa hiyo karibu wote huchoma katika majuma yale yale ya mwisho wa kiangazi, siku ambazo kila kitu kimekauka kufikia kikomo chake. Wazee wetu wa Lamu, Pate na Siu waliohesabu mwaka kuanzia Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waswahili, kumi kumi kwa miongo, walipanga kazi za shamba na safari za bahari kwa hesabu hiyo hiyo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba shamba lina tarehe zake. Mtafiti naye angeuliza tu.

Vyanzo vingine vipo. Mrina asali huingia na mwenge wa makuti ili awafukuze nyuki, na cheche moja ikidondoka shinani hana maji ya kuizimia. Mchoma makaa hufukia tanuri lake ndani ya kichaka asionekane, na tanuri likitoboka usiku yeye hayupo. Lakini wote hawa, kama yule mkulima, hutia hasara kubwa katika miezi ile ile mitatu, Januari hadi Machi. Mwezi wa Julai tanuri likitoboka, linatoa moshi tu.

Halafu msitu huu wa kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki, si msitu mmoja. Mashariki kuna mchanganyiko wa miti mirefu, mbambakofi ukiwa mmoja wao. Katikati unapita ukanda wa mirihi juu ya mchanga mweupe, mahali pa wazi penye mwanga, unaweza kumwona mwenzako aliye mbali. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, imesimama mifunda iliyosongamana hata mtu hupita kwa ubavu. Moto haupiti sehemu hizi kwa namna moja. Penye mirihi kuna majani makavu yaliyotandazika na nyasi za hapa na pale, na upepo unaingia bila kizuizi. Ndani ya mifunda nyasi karibu hakuna; moto ukiingia hutambaa polepole chini kwa chini, au hufa wenyewe. Anayeandika "moto wa Arabuko-Sokoke" kana kwamba ni kitu kimoja ameshatupoteza kabla hatujaanza.

Utaratibu huu wa msimu wa utafiti ulizaliwa kwingine, na huko una akili kabisa. Chukua magharibi ya Marekani, majimbo kama Montana na Oregon. Milimani theluji hufunika viwanja vya utafiti miezi mingi ya mwaka. Inapoyeyuka, nchi inakauka kuanzia Juni hadi Septemba, vyuo vinafunga, wanafunzi wanaajiriwa kwa msimu, na misitu nayo inawaka katika miezi hiyo hiyo. Likizo, njia zinazopitika na moto, vyote vinakuja pamoja. Mwaka 1988 mbuga ya Yellowstone iliungua kiasi cha asilimia 36 ya eneo lake, karibu hekta 321,000, moto ukianza kiangazi na kuzimwa na theluji ya vuli yao. Watafiti wakarudi kila kiangazi kwa miaka mingi, wakatazama misonobari ambayo koni zake hufunguka kwa joto la moto ikichipuka na kujaza nafasi. Elimu nyingi ya ikolojia ya moto tunayoisoma leo imetoka kwenye viwanja vya namna hiyo.

Mtindo huo ukaletwa huku mzima mzima, pamoja na Julai yake. Julai ya Montana nyasi zimegeuka manjano. Julai ya Gede ni kipupwe. Hakuna aliyekaa kitako akaamua kwamba pwani ya Kenya ichunguzwe ikiwa imelowa, ila ndivyo fomu za ufadhili zilivyo, ndivyo ratiba za wasimamizi zilivyo, na ndivyo bei za tiketi zinavyopangwa.

Wala tusiwasingizie wageni peke yao. Wanafunzi wetu wengi hutumwa atachimenti kati ya Mei na Agosti, kwa hiyo hata kijana aliyezaliwa Matsangoni, ambaye amekua akiona moshi wa Februari kila mwaka, anaingia msituni kisomi kwa mara ya kwanza wakati hakuna moshi. Mwaka wa fedha wa serikali nao huanza tarehe 1 Julai. Taasisi ikipewa fungu lake kwa kuchelewa, kama ilivyo desturi, fedha za kazi za nje zinafika mikononi kaskazi ikiwa inaisha, na zinatakiwa ziwe zimetumika kabla ya Juni kwisha. Matokeo yake ni warsha hotelini mwezi wa Mei. Nimehudhuria baadhi yake, na chakula ni kizuri.

Kuna atakayesema kwamba miti haihami, ukija Februari au Julai utaikuta, tofauti iko wapi? Jibu lake limekaa Zambia tangu 1933.

Mwaka huo, huko Ndola, yalianzishwa majaribio kwenye msitu wa miombo, msitu ambao mrihi wetu ni ndugu wa damu wa miti yake. Viwanja vilichukuliwa vya aina tatu. Kimoja hakikuchomwa kabisa. Cha pili kilichomwa kila mwaka mapema, kiangazi kikiwa kimeanza tu na nyasi zina ubichi. Cha tatu kilichomwa kila mwaka kwa kuchelewa, karibu na mvua, nyasi zikiwa zimekauka na miti imeanza kutoa majani mapya. Udongo ule ule, mvua ile ile, kibiriti kile kile. Baada ya miongo kadhaa kiwanja kisichochomwa kilikuwa kinasongamana na kugeuka kichaka cha miti isiyopukutisha majani. Kilichochomwa mapema kilibaki kuwa msitu wa miombo. Kilichochomwa kwa kuchelewa kilipoteza miti yake mikubwa, kikawa nyasi ndefu na vichipukizi vinavyounguzwa kila mwaka kabla havijafika popote.

Tafakari hapo. Tofauti kati ya msitu na mbuga ya nyasi haikuletwa na kuwepo au kutokuwepo kwa moto, maana viwanja viwili vilichomwa kila mwaka sawasawa. Ililetwa na tarehe. Moto wa mapema ni baridi kiasi, unapita ukilamba nyasi na kuacha mti mkubwa unaendelea na shughuli zake. Moto wa kuchelewa una kuni kavu za kutosha, na unaukuta mti umeshatoa akiba yake yote kwenye majani machanga.

Sasa rudi Dida kwa yule mkulima wetu anayengoja. Anachoma mwishoni mwa kiangazi, majuma machache kabla ya masika. Kwa kipimo cha Ndola, moto wake ukimponyoka na kuingia kwenye mirihi ni moto wa kuchelewa, yaani ule mbaya zaidi. Na kama kuna moto wa mapema ambao ungeweza kutumika hapa kwa makusudi, kwa mfano kusafisha kinga ya moto kando ya mpaka, basi nafasi yake ingekuwa mara tu vuli inapokatika, kabla kaskazi haijashika kani. Nasema "ingekuwa" kwa sababu Ndola haiwezi kunakiliwa hivi hivi. Wao wana msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, sisi tuna masika na vuli na kiangazi kifupi katikati. Mchanga wetu mweupe ni maskini, hauoteshi nyasi kama zao. Na vuli yetu hailingani mwaka na mwaka. Ile ya mwishoni mwa 2023 ilikuja na mafuriko baada ya miaka ya ukame, na mvua ya namna hiyo huotesha nyasi na magugu ambayo kiangazi kinachofuata yatakuwa kuni. Haya yote yanataka mtu wa kuyapima hapa, kwa tarehe za hapa.

Na tarehe ndicho kitu ambacho mgeni wa Julai hawezi kukipata, hata awe hodari vipi. Chukua kipande cha mirihi kilichoungua juma lililopita. Majivu yangalipo: meupe pale gogo lilipoungua likaisha, meusi pale moto ulipopita haraka. Majani ya juu ambayo hayakushika moto yamebabuka kwa joto, na ule mstari kati ya kahawia na kijani unakuonyesha ndimi zilifika kimo gani. Majani mengine yamekakamaa yakiwa yamelalia upande ulikokuwa unakwenda upepo, hivyo unajua moto ulitokea wapi na kuelekea wapi. Shina lenyewe lina weusi uliopanda juu zaidi upande wa nyuma, ule usiopigwa na upepo, kwa sababu huko ndiko ndimi hujikunja na kupanda. Makonokono yamebaki maganda meupe. Mtu mwenye macho na daftari anaweza kukaa hapo asubuhi moja akaondoka na habari nzima.

Mvua mbili za kwanza za masika zinafuta karibu yote. Majivu yanazama mchangani. Majani yaliyobabuka yanadondoka na kuchanganyika na mengine. Vichipukizi vinatoka shinani, na kufika Juni vimekufikia magotini. Kinachobaki ni weusi kwenye gome, na weusi huo unaweza kuwa wa mwaka huu au wa miaka mitatu iliyopita. Mtafiti anayefika wakati huo ni sawa na daktari aliyekuja kumpima homa mgonjwa aliyekwisha pona.

Tuna setilaiti siku hizi, wataniambia. Kweli tunazo, na data zake ni za bure, nami huzitazama sana. Kifaa cha MODIS, kinachonasa joto la moto, kimekuwa angani tangu 1999 kwenye setilaiti ya Terra na tangu 2002 kwenye Aqua. Terra ilipangwa kupita asubuhi, saa nne na nusu hivi, na Aqua mchana, saa saba na nusu hivi. Kila doa lake la moto lina upana wa kilomita nzima. VIIRS, kifaa kilichofuata mwaka 2011, ina macho makali zaidi, mita 375. Lakini shamba la Jilore ni ekari moja au mbili, na mwenye shamba huwasha alasiri, baada ya swala ya alasiri au baada ya kupata watoto wa kumsaidia, upepo ukitulia kidogo. Setilaiti imeshapita. Zaidi ya hayo, moto wa mirihi mara nyingi hutambaa sakafuni chini ya kivuli cha miti. Kwa aliye angani paa la msitu ni kijani vile vile. Picha kali zaidi, zile za setilaiti za Sentinel-2 zenye mita 10 hadi 20, hurudi kila baada ya siku tano kama mawingu hayakukinga, na huona kovu likiwa wazi. Kovu lililofunikwa na matawi linapita bila kuandikwa.

Na sakafuni ndiko kwenye roho ya msitu huu. Sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama ambaye mtu wa Gede amekua akimwona akirukaruka mbele ya njia, hula wadudu anaowafukua ndani ya majani makavu, na kiota chake ni lundo la majani hayo hayo. Moto usioua hata mti mmoja unaweza kumwondolea chakula na nyumba kwa pamoja. Tunayajua maisha yake kwa undani, kwamba huishi dume na jike katika eneo moja wanalolilinda, kwa sababu miaka ya 1970 mtafiti Galen Rathbun aliwafuatilia kwenye magofu ya Gede akiwa mkaaji wa muda mrefu, si mpita njia.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani isipokuwa kaunti ya Kilifi, alielezwa kisayansi mwaka 1913. Watazama ndege wakaja Arabuko-Sokoke kizazi baada ya kizazi, wakamwona juu ya mirihi akila, wakaweka alama kwenye orodha zao, wakaondoka. Wapi anataga? Hakuna aliyejua. Mazalia yake yakaja kuonekana mwaka 2013, miaka mia kamili baadaye, kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, nyuma ya Marafa, mahali ambapo maji hukaa mvua ikiwa nzuri na mwaka mwingine hakuna kitu. Pahali pa namna hiyo hapaonekani na mtu mwenye tiketi ya kurudi kwao. Panaonekana na anayepita kila juma akienda zake. Na Dakatcha haimo ndani ya hifadhi ya serikali. Ni ardhi ya watu, panachomwa makaa na panafyekwa mashamba ya mananasi, kwa hiyo moto wa huko una maana kuliko hata wa Arabuko.

Hapo tunafika kwa watu ambao ripoti huwataja mstari wa mwisho kwenye shukrani. Kila kundi la watafiti linaloingia msituni lina mwenyeji mmoja au wawili mbele, mwenye panga na masikio. Ndiye anayeujua mti kwa harufu ya gome lake. Ndiye anayesema "ndovu wamepita hapa leo, tuzunguke". Analipwa kwa siku, kazi ikiisha Agosti anarudi kwenye mihogo yake au kwenye bodaboda, na kufika Februari, msitu unapowaka hatua chache kutoka kwake, hana daftari, hana mkataba, na hana wa kumpigia simu. Nimemsikia mmoja wao, mtu mzima mwenye kuheshimika kwao, akimwambia kijana wa chuo: "Mwanangu, mimi moto huo naujua mpaka siku yake. Ila wewe huulizi siku, waniuliza kama ni tatizo." Kijana akaandika kwamba ni tatizo.

Ninachopendekeza ni rahisi hata naona haya kukiandika kwa kirefu. Kila kijiji kinachopakana na msitu, kuanzia Roka kupitia Dida hadi Jilore, kiwe na watu wawili wanaolipwa mwezi kwa mwezi, mwaka mzima, pamoja na ile miezi ambayo hakuna kinachotokea. Moto ukiwaka waandike siku, saa, upepo unatoka wapi, ulianzia shambani au msituni, umeingia kwenye mirihi au mifunda, ndimi zimefika magotini, kiunoni au kichwani, umezimika saa ngapi na kwa nini. Wapige picha kwa simu, na simu yenyewe itanakili mahali. Mara moja kwa juma, tangu Desemba hadi masika, wachote majani makavu kwenye kipimo maalumu, wayapime kwa mizani ndogo ya dukani, wayakaushe, wayapime tena. Tofauti ndiyo unyevu. Kituo cha KEFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu, kipo hapo hapo Gede, na Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi. Hakuna haja ya kujenga kitu.

Gharama? Nauli ya ndege ya mtafiti mmoja kutoka Ulaya kuja na kurudi inaweza kumlipa mwandishi wa kijiji miezi kadhaa. Na wa Julai hafukuzwi. Kinyume chake, ndipo kazi yake inapata thamani: atakuta orodha ya vipande vilivyoungua vyenye tarehe, saa na kimo cha moto, naye atapima vichipukizi huku akijua umri wake kwa siku. Mtu wa kaskazi na mtu wa kusi wakaandika pamoja, na majina yote mawili yakawa juu ya makala.

Upande wa Lamu ndio utakaonipinga, na nakiri huko ni kugumu zaidi. Hifadhi za Boni na Dodori, zote mbili zilizotangazwa 1976, ziliwekwa chini ya operesheni ya usalama iliyoanza 2015 kwa jina la Linda Boni, na mtafiti wa msimu, awe wa Julai au wa Februari, haingii kirahisi. Kabla ya hapo kamera zilizotegwa ndani zilionyesha kwamba paa nunga, paa mdogo wa msituni ambaye tulidhani amebaki kidogo tu Arabuko na Unguja, yumo humo. Elimu ikasimama karibu na hapo. Lakini Waaweer, wenyeji wa msitu huo, wa Mangai, Basuba, Milimani na Kiangwe hawajaondoka wote. Uwindaji walikatazwa mwaka 1977 kama Wakenya wengine, wakabaki na asali na vishamba vya kufyeka na kuchoma, na wanajua kuwasha na kuzuia moto katika msitu ule kuliko ofisi yoyote. Kama kuna mahali ambapo hoja ya kumlipa mkaaji haina mbadala, ni huko. Mgeni hana hata njia ya kushindana naye.

Kikwazo cha kweli kwangu si fedha wala usalama, ni woga. Sheria ya misitu ya 2016 inafanya kuwasha moto ndani ya msitu wa umma bila idhini kuwa kosa, na ni sawa iwe hivyo. Lakini mkulima ambaye moto umemponyoka akimwona mtu na daftari karibu na biwi lake, atadhani jina lake linakwenda kituoni. Watafiti wakija na askari wa msitu ndani ya gari moja, kama ilivyo kawaida, maswali yote ya moto hujibiwa kwa "hatujui, tumeukuta". Daftari la kijiji nalo litakuwa hivyo hivyo kama hakuna ahadi iliyoandikwa kwamba kumbukumbu zake hazina majina, hazitumiki kumshtaki mtu, na kesi za uchomaji wa makusudi zitafuatwa kwa njia nyingine kama zinavyofuatwa sasa. Mwenye mamlaka ya kuandika barua hiyo ni Huduma ya Misitu. Wa kuishuhudia ni jumuiya za wenyeji zinazosimamia msitu pamoja nayo. Ikisainiwa kabla vuli haijakatika, mkulima wa Dida ataisikia ikisomwa barazani akiwa bado hajanoa panga; wanachuo hawahitajiki hata kuwepo mkutanoni.